Rimu mbili, shimo moja: ipi inyooshwe, ipi itupwe

Gari ni dogo la abiria, linavutwa na magurudumu ya mbele, lina rimu za aloi za inchi 18 na matairi ya 225/40 R18 (upana wa milimita 225, urefu wa ubavu asilimia 40 ya upana huo). Usiku, likiwa kwenye mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, upande wake wa kushoto uliingia shimoni. Gurudumu la mbele lilipiga kwanza, la nyuma likafuata. Dereva alisimama, akamulika kwa simu, akaona mdomo wa ndani wa rimu ya mbele umebonyea lakini upepo haujatoka. Ya nyuma ilionekana haina neno. Akaendelea na safari.

Siku tatu baadaye malalamiko yalikuwa matatu. Usukani unatetemeka kuanzia kilomita 85 kwa saa na kutulia kidogo ikipita 115. Gari likienda moja kwa moja, usukani umekaa upande. Na tairi la nyuma kushoto linashuka upepo, kutoka psi 35 hadi 28 kwa siku mbili. Mwenye gari alikuwa ameshajipangia: rimu ya mbele, iliyobonyea waziwazi, inunuliwe nyingine, la nyuma libadilishwe valvu. Baada ya vipimo mambo yaligeuka. Rimu ya mbele ilinyooshwa ikarudi barabarani, na ya nyuma, yenye bonde ambalo ungelitafuta kwa kidole kabla ya kuliona, ndiyo iliyotupwa. Sababu zake zinafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa kuwa makosa mengi kwenye rimu huanza pale mtu anapopima ubaya wake kwa ukubwa wa bonde.

Mtetemo na balansi iliyosoma sifuri

Mtetemo unaosikika mikononi kwa kawaida unatoka magurudumu ya mbele. Unaosikika kwenye kiti na sakafu unatoka ya nyuma. Tairi la kipimo hiki lina kipenyo cha milimita 637 hivi, kwa hiyo linazunguka karibu mara 500 kwa kila kilomita. Kwenye kilomita 100 kwa saa hiyo ni mizunguko 14 kwa sekunde. Bonde moja hupiga mara moja kila mzunguko, na mapigo kumi na kitu kwa sekunde ndiyo hasa ambayo gurudumu na sespensheni ya gari la kawaida hupenda kuyaitikia. Ndiyo maana usukani hutulia mwendo ukipita hapo, na ndiyo maana dereva anayezunguka mjini kwa kilomita 50 anaweza kuapa kwamba gari lake ni zima.

Kabla ya uchunguzi huu, gurudumu la mbele lilikuwa limeshabalansiwa. Mashine ikasoma sifuri, mtetemo ukabaki pale pale. Hakuna ajabu. Balansi inasawazisha uzito, haigusi umbo. Hata yai unaweza kulibandika vyuma vya uzito mpaka mashine isome sifuri, na likibingirika bado litaruka. Hilo halifanyi balansi kuwa kitu kidogo: gramu 30 zilizokosewa kwenye ukingo wa rimu ya inchi 18 huvuta kwa nguvu ya nyutoni 50 hivi kwenye kilomita 100 kwa saa, sawa na uzito wa kilo tano ambao mvuto wake unazunguka mara 14 kila sekunde. Lakini gurudumu lililobalansiwa vizuri na bado linatetemeka limeshakuambia kitu: acha vyuma, shika geji, kile kifaa cha kupimia umbo la rimu.

Kutazama kabla ya kufungua chochote

Usukani ulikatwa hadi mwisho ili ubavu wa ndani wa tairi la mbele uonekane. Pale, mkabala na bonde la rimu, palikuwa na nundu ya ukubwa wa nusu yai. Kwa nje tairi lilikuwa safi kabisa. Nundu ya namna hiyo maana yake nyuzi zilizo ndani ya ubavu zimekatika. Kilichobaki kuzuia upepo ni mpira mtupu. Ubavu wa 225/40 una urefu wa milimita 90 tu, na gari likiingia shimoni hubanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu kama kitambaa kati ya makali ya mkasi. Nundu haizibwi, haichomwi kiraka, haingojewi. Tairi hilo lilihukumiwa hapo hapo, hata kabla rimu haijaguswa, na gari lisingepaswa kutembea nalo siku tatu. Kama ilibidi kutembea, ilikuwa ni kwa tairi la akiba. Lile jembamba la muda lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, nacho huandikwa ubavuni mwake.

Tairi la nyuma halikuwa na nundu. Maji ya sabuni yalipakwa kwenye valvu: hakuna povu. Yakapakwa mahali tairi linapokutana na rimu, nje kwanza, kimya. Ndani, povu dogo dogo likaanza kuchemka sehemu moja. Hapo bado huwezi kusema ni ufa. Kutu nyeupe ya alumini iliyojijenga chini ya kingo ya tairi, ule ukingo wake unaobana rimu, hutoa povu la namna ile ile, na yenyewe ni kazi ya brashi na dawa ya kuzibia, siyo ya kununua rimu. Jibu lilikuwa chini ya tairi.

Kupima

Rimu hupimwa tairi likiwa limetolewa, na kipimo huchukuliwa kwenye kikalio, ile njia ambayo kingo ya tairi hukaa. Wengi huweka geji kwenye ncha ya mdomo kwa sababu ndiyo inayofikika, lakini ncha hukwaruzwa na kingo za barabara na hupakwa rangi nene. Itakudanganya kwa upande wowote ule. Vipimo ni vinne: kupanda na kushuka kwenye kikalio cha nje na cha ndani, kisha kuyumba kushoto na kulia kwa vyote viwili.

Kitu kimoja huharibu vipimo hivi kuliko vyote, nacho ni uchafu kwenye uso wa habu, kile kitako ambacho rimu hufungwa juu yake. Punje ya kutu ya milimita 0.1 iliyobanwa pembeni mwa habu yenye kipenyo cha milimita 140 huinamisha rimu ya inchi 18 kwa zaidi ya milimita 0.3 pale ukingoni. Brashi ya waya, dakika mbili, halafu ndipo rimu ifungwe. Kipimo kikiwa kibaya, igeuze rimu nafasi moja ya bolti upime tena: kosa likihama pamoja na rimu ni la rimu, likibaki mahali pake ni la habu.

Kikomo hutolewa na kitabu cha gari husika. Kwa rimu za aloi mara nyingi kiko jirani na milimita 1. Hapa kilichotumika ni 0.8. Rimu ya mbele ilisoma 0.3 kwenye kikalio cha nje, na 4.2 kwenye kikalio cha ndani pale penye bonde, pamoja na kuyumba kwa 1.9. Bonde lilienea milimita 90 hivi kuuzunguka mdomo. Ya nyuma ilisoma 0.4 nje na 1.6 ndani. Kwa namba hizi peke yake ungesema ya mbele ndiyo mgonjwa mahututi. Lakini geji hupima umbo. Ufa haiuoni.

Kuusaka ufa

Rangi kwanza itolewe. Rangi ya rimu ni ngumu na hunyumbuka. Inaweza kuvuka juu ya ufa mwembamba bila kupasuka. Sehemu yenye bonde na sentimita 10 kila upande zilisafishwa kwa dawa ya kutolea rangi, siyo kwa grainda, kwa sababu grainda hupakaza alumini laini juu ya ufa na kuufunga kama vile mtu alivyopitisha kisu juu ya siagi.

Kisha ikaja dawa nyekundu ya kupenya. Sehemu husafishwa kwa kimumunyisho na kuachwa ikauke kabisa, dawa hupulizwa, hungojewa dakika 10 hadi 15. Halafu hufutwa kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo. Ukipuliza kisafishio moja kwa moja juu ya chuma utaiosha dawa mpaka ndani ya ufa na utajipa cheti cha uongo. Mwisho hupulizwa unga mweupe, tabaka jembamba, na kungojewa tena dakika kama 10. Penye ufa dawa hunyonywa kurudi juu na kuchora mstari mwekundu.

Rimu ya mbele ilibaki nyeupe. Ya nyuma ilichora mstari wa milimita 22, ukianzia kwenye mdomo wa ndani, ukikatiza kikalio na kuingia mwanzoni mwa pipa la rimu, ile sehemu pana ya mviringo iliyo chini ya tairi. Kwa macho, kabla ya dawa, zilionekana milimita 12 tu.

Kwa nini bonde la 1.6 lipasuke na la 4.2 lisipasuke? Rangi ilipotolewa jibu lilijitokeza lenyewe. Chini yake kulikuwa na alama za nyundo, viduara vidogo vilivyopangana, na juu yake puti ya kulainishia. Rimu hiyo ilishapinda mahali hapo hapo zamani na mtu akainyoosha, pengine kabla gari halijabadilisha mikono. Alumini ya kusubu, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, haivumilii kwenda na kurudi. Kila mkunjo unakula sehemu ya uwezo wake wa kupinda bila kukatika, na mnyoosho nao ni mkunjo vile vile, ila kwa upande wa pili. Shimo la safari hii lilikuta chuma ambacho akiba yake ilishatumika. Ya mbele ilikuwa haijawahi kuguswa, ikapinda kwa utii.

Hoja ya kuchomelea

Mwenye gari aliuliza lile ambalo kila mwenye gari huuliza: ufa wa sentimita mbili si unachomelewa tu? Hapa inafaa kukaa kidogo, maana jibu la «haifai» bila sababu halimzuii mtu kwenda mtaa wa pili.

Haki yake apewe. Kati ya nyufa zote, ule wa mdomo wa ndani ndio wenye adabu kuliko mwingine. Kwa kawaida hutangulia kuvujisha upepo kabla haujaendelea, kwa hiyo unapiga kelele mapema. Ufa kwenye mkono wa rimu (ule unaounganisha kitovu na ukingo), kuzunguka tundu la bolti au kwenye kitovu hauvujishi chochote. Unakaa kimya mpaka gurudumu linapoachana na gari. Huo hata haujadiliwi. Ule wa mdomo wapo mafundi wanaouchomelea kwa mashine ya gesi ya agoni na waya wa alumini wenye silikoni, na upepo unakaa.

Lakini kwanza, upepo kukaa ni jambo moja, nguvu kurudi ni jingine. Rimu nyingi za kusubu ni mchanganyiko wa alumini na silikoni asilimia 7 hivi na magnesi kidogo. Nguvu yake haitoki kwenye kusubiwa tu. Baada ya kutoka kwenye kalibu rimu nzima huokwa kwa nyuzi joto 540 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa, huzamishwa majini ghafla, kisha huokwa tena kwa nyuzi 150 na kitu ili chembe ndogo za magnesi na silikoni zijitokeze ndani ya chuma na kukikaza. Moto wa kuchomelea unayeyusha chuma katikati na kuvuruga mpangilio huo kwa sentimita kadhaa kila upande. Unabaki na mstari wa weldi mzuri uliozungukwa na ukanda laini. Kuirudisha hali ya mwanzo kungetaka rimu nzima ipitie tena tanuri na maji, na ikitoka humo imeshajipinda. Hakuna karakana ya kawaida inayofanya hivyo.

Pili, uchafu. Mahali hapo pamepakwa mafuta ya kufungia tairi kwa miaka, pana vumbi la breki na mabaki ya rangi, na alumini ya kusubu yenyewe ina vitundu vya gesi. Vyote hivyo vikikutana na moto hutoa mapovu ndani ya weldi, na kila povu ni mwanzo mpya wa ufa. Tatu, mwisho wa ufa usipopatikana na kutobolewa kitundu cha kuusimamisha, utaendelea kutambaa chini ya weldi. Na tulikwishaona kwamba jicho lilikosea kwa milimita 10.

Nne, hesabu ya mizunguko. Mara 500 kwa kilomita, kilomita 20,000 ni mikunjo milioni 10. Chuma cha kawaida kina kiwango cha mkazo ambacho ukikaa chini yake hakichoki. Alumini haina kiwango hicho. Inahesabu kila mzunguko. Weldi iliyovumilia wiki mbili haijathibitisha lolote.

Pendekezo jingine lililotolewa ni kuweka tyubu ndani. Hilo ni baya kuliko weldi mbovu. Tyubu haizibi ufa, inaziba kelele ya ufa. Uvujaji ndio kengele pekee ambayo ufa huo ulikuwa nayo, na mtu angelipa fedha kuing'oa.

Kwa hiyo rimu ya nyuma: kutupwa. Si kwa sababu ya urefu wa ufa. Ni kwa sababu ufa ulipita kwenye kikalio, ndani ya chuma kilichokwisha kunyooshwa mara moja.

Kuinyoosha ya mbele

Wapo wasiokubali hata hili, nao wana hoja. General Motors, kwa mfano, katika maelekezo yake kwa mafundi hairuhusu rimu ya alumini ichomelewe, ikunjwe, inyooshwe wala kufuliwa upya. Kinachokubalika ni kurudisha rangi na mwonekano tu. Mwenye gari ambaye mtengenezaji wake au bima yake inasema hivyo hana cha kupima, anunue. Nje ya hapo, rimu hii ilitimiza masharti ambayo bila hata moja isingeingia kwenye mashine: bonde liko kwenye mdomo na mwanzo wa pipa, mbali na mashina ya mikono, hakuna ufa, haijawahi kunyooshwa, uso wa habu na matundu ya bolti viko sawa, na kikalio cha nje kimebaki 0.3, ushahidi kwamba mwili wa rimu haukupinduka.

Rimu ilifungwa kwa kitovu chake kwenye mashine yenye jeki ya mafuta, na bonde likasukumwa kutoka ndani kwenda nje kwa kipande kilichochongwa kufuata mviringo wa mdomo. Kusukuma ni kidogo kidogo: bana, achia, pima, bana tena. Chuma hurudi nyuma kidogo kila unapoachia, kwa hiyo lazima kipitishwe kidogo mbele ya mstari. Anayetaka kumaliza kwa msukumo mmoja huishia na mdomo uliovuka upande wa pili, na kuurudisha ndiyo ile safari ya kwenda na kurudi iliyoiua rimu ya nyuma.

Joto ndilo tatizo kubwa. Alumini baridi inaweza kupasuka ikisukumwa, kwa hiyo hupashwa moto kiasi. Lakini haibadiliki rangi kuwa nyekundu kama chuma. Itakaa na sura ile ile mpaka ghafla ianze kuyeyuka. Kuivusha nyuzi 200 kwa muda ni kuanza kuilainisha bila dalili yoyote. Bunduki ya kupimia joto kwa mwanga nayo inadanganya kwenye alumini inayong'aa, husoma chini sana kuliko hali halisi. Tumia chaki ya joto inayoyeyuka kwa kiwango kilichoandikwa, au lenga bunduki kwenye doa lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Ukiona kwenye rimu iliyotoka kwa fundi rangi imekuwa ya manjano au kahawia kuzunguka mnyoosho, ujue moto ulitembea bila kupimwa.

Baada ya misukumo tisa kikalio cha ndani kilisoma 0.5 kupanda na kushuka, na 0.4 kuyumba. Sifuri haikutafutwa. Dawa nyekundu ikarudiwa, hatua ambayo wengi huiruka, ilhali ufa mwingi huzaliwa kwenye mashine yenyewe wakati bonde linaporudi. Nyeupe tena. Sehemu ikapakwa rangi nyembamba ya kuzuia kutu, bila puti, ili atakayefuata aone kilichofanyika. Rimu hiyo ikipinda hapo tena, haitanyooshwa.

Rimu hizi zingekuwa za chuma, maandishi haya yangeisha zamani. Rimu ya chuma hupinda zaidi, hupasuka kwa shida, na nyingine ya kipimo hicho kwa kawaida hugharimu kidogo kiasi kwamba kazi ya kuinyoosha, kufunga na kufungua tairi mara mbili na kubalansi haijilipi.

Kutafuta ya kuweka nyuma

Nyuma ya mkono mmoja wa rimu iliyokufa kulikuwa na maandishi yake: 7½J x 18 H2 ET 45 (upana wa inchi 7½, kipenyo cha inchi 18; J na H2 ni umbo la mdomo na la kikalio), na uzito wa juu wa kilo 650. Matundu ni matano kwenye mduara wa milimita 112, kitovu 57.1. Kila moja ya namba hizi ina njia yake ya kumuumiza anayeipuuza. ET ni umbali kati ya uso unaokaa kwenye habu na mstari wa katikati ya rimu. ET 35 badala ya 45 ingelisogeza gurudumu nje kwa milimita 10, likaguse fenda na kuelemea beringi. Mduara wa 112 na wa 114.3 vinafanana machoni, na kwa nguvu ya mkono bolti zitaingia, lakini zitakaa mshazari na kulegea. Kitovu kikiwa kikubwa kuliko cha habu, pete ya kujazia inahitajika; kikiwa kidogo, rimu haiingii na wala isikerezwe.

Rimu tatu zilizotumika zililetwa. Ya kwanza ilikuwa ET 38. Ya pili ilikuwa na sura nzuri kuliko zote, imepakwa rangi mpya hadi ndani ya pipa, na hilo ndilo lililotia shaka, kwani hakuna anayepamba mahali pasipoonekana bila sababu. Kidole kilipopitishwa kwa ndani kilikuta tuta refu lililosagwa: weldi. Ya tatu ilikuwa chafu, imekwaruzwa nje, haijapakwa chochote, na ilisoma 0.3 na 0.2. Hiyo ndiyo iliyonunuliwa. Ukikosa ya asili, rimu mpya za kuiga zipo, lakini dai alama: JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na VIA inaonyesha imesajiliwa baada ya majaribio ya chombo huru, Ujerumani hutumia namba ya KBA, mamlaka yake ya magari. Rimu isiyo na alama yoyote wala uzito wa juu ulioandikwa ibaki dukani.

Kuhusu gharama, kipimo kilichotumika ni hiki: jumlisha kunyoosha, kufunga na kufungua tairi, balansi na rangi, kisha ulinganishe na bei ya rimu nzima iliyotumika. Ikizidi nusu, nunua, kwa sababu rimu iliyonyooshwa imeshatumia nafasi yake ya pekee na nyingine bado inayo. Ya mbele ilikuwa karibu theluthi.

Usukani uliokaa upande

Hili halikuwa la rimu. Mwinamo wa magurudumu ya mbele ulitofautiana kwa nyuzi 0.2 tu kati ya kushoto na kulia, ndani ya nusu nyuzi inayovumiliwa na magari mengi, kwa hiyo shokapu na mkono wa chini vilikuwa salama. Lakini gurudumu la kushoto lilitazama nje. Tairodi, chuma kinachounganisha usukani na gurudumu, ilipotolewa na kubingirishwa juu ya kioo, iliyumba. Tairodi hainyooshwi. Ilibadilishwa, kisha alaimenti, yaani kupanga mielekeo ya magurudumu, ikafanywa. Ingefanywa kabla, karatasi ya vipimo ingetoka safi huku chuma kilichopinda kikibaki ndani.

Kurudisha

Tairi la nyuma lilikaguliwa kwa ndani kwa tochi na kiganja: hakuna mkunjo uliochubuka, hakuna unga wa mpira. Likarudi. La mbele lilinunuliwa jipya, chapa na mchoro ule ule, mzigo 92, yaani kilo 630. Mapya yana kina cha milimita 8 hivi na yaliyobaki yalikuwa na 5.5, kwa hiyo jipya lilipelekwa nyuma pamoja na lenye kina zaidi kati ya matatu ya zamani. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne lisingevumilia tofauti hiyo. Hapo ungelazimika kununua zaidi ya moja.

Tairi jipya lilikuwa na doa jekundu, mahali palipo juu zaidi, nalo likapangwa mkabala na sehemu ya chini kabisa ya rimu kama geji ilivyoonyesha. Balansi ikamaliziwa ndani ya gramu 5. Bolti za zamani zilitumika kwa sababu kiti chake ni cha duara; za koni zingegusa kwa mstari mwembamba na kulegea. Zikafungwa kwa mpangilio wa nyota, nyutoni-mita (Nm) 120, na kurudiwa baada ya kilomita 80. Bolti moja ilisogea kidogo. Kati ya kilomita 80 na 115 usukani ulitulia, na baada ya wiki tairi la nyuma lilikuwa bado psi 35.

Rimu yenye ufa ilikatwa kwa grainda kuanzia mdomoni hadi kitovuni, mikato miwili inayokabiliana, ndipo ikapelekwa kwenye vyuma chakavu. Ingeachwa nzima, ingerudi sokoni ikiwa na tuta lililosagwa na rangi mpya kwa ndani.